Sumu ya Pepopunda Inavyogeuzwa Kuwa Kinga

Msikilizaji, kinachoua katika pepopunda si bakteria wenyewe waliojificha kidondani, bali sumu wanayoitoa, ambayo husafiri kwenye mishipa ya fahamu na kuikaza misuli hadi mgonjwa ashindwe kupumua. Mwili ukifundishwa kuitambua sumu hiyo mapema, bakteria hubaki bila silaha. Gaston Ramon, mtafiti wa Taasisi ya Pasteur nchini Ufaransa, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba sumu ya dondakoo, kisha ya pepopunda, ikitiwa kemikali iitwayo formalini na kuwekwa penye joto kwa wiki kadhaa, hupoteza makali yake lakini hubaki na umbo ambalo kinga ya mwili hulitambua.

Je, sumu hiyo haiwezi kurudia ukali wake? Swali ni la haki kabisa. Formalini huzifunga sehemu za protini ya sumu kwa vifungo vya kikemikali visivyofunguka kirahisi, na chanjo inayotengenezwa kwa sumu hiyo iliyodhoofishwa hupimwa usalama kabla ya kuruhusiwa. Wengine husema ni afadhali kuugua na kupona, mwili ujijengee kinga wenyewe. Kwa pepopunda hoja hiyo haisimami hata kidogo: kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno kuiamsha kinga, ndiyo maana hata aliyepona lazima achanjwe. Na mama mjamzito akichanjwa, kingamwili zake hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, ambaye kitovu chake kibichi ndicho mlango wa ugonjwa huu katili.