Kishikwambi Kinapojitambulisha Vibaya

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Soweto, Moshi



Tangu Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipopita majumbani mwetu wakiwa na vishikwambi, kifaa hiki si kigeni tena kwetu. Wengi hununua vilivyokwishatumika. Kero inayosikika mara kwa mara ni kwamba kinawaka, lakini kioo hakiitikii kidole, na fundi anasema kimekufa. Nawaomba tusikizike upesi.

Zipo sababu nyingi, nami nitaeleza moja isiyoonekana kwa macho. Ndani ya kifaa mna programu ndogo iliyowekwa kiwandani. Katika vishikwambi vyenye kichakataji cha Intel, programu hiyo huukabidhi mfumo endeshi orodha ya viungo vya kifaa: kioo, betri na vinginevyo. Baadhi ya vile vilivyouzwa na Android vilitoka kiwandani na orodha yenye upungufu. Mfumo wa mtengenezaji ulikwishavijua viungo hivyo, hivyo kasoro ilijificha. Ukiwekwa mfumo mwingine, kama Linux, huiamini orodha hiyo, na kisichotajwa huwa kama hakipo.

Mwaka 2022, toleo la 5.17 la Linux lilipokea kiendeshi kilichoandikwa na mhandisi Hans de Goede. Kiendeshi hicho hakiigusi programu ya kiwandani. Hulitambua jina la kifaa, kisha huutajia mfumo viungo vilivyoachwa.

Hili si geni mtaani kwetu. Kibao cha namba ya nyumba kikikosewa, mgeni hupotea. Lakini mwenyekiti wa mtaa humfikisha mlangoni bila kusubiri kibao kipya. Hata hivyo, nyumba asiyoijua hawezi kumwonyesha. Vivyo hivyo, kiendeshi husaidia aina zile tu zilizoandikwa ndani yake, na hakiungi kioo kilichovunjika.

Basi, tuzingatie mambo matatu. Kwanza, tusibandue lebo ya nyuma. Tuandike aina kamili ya kifaa, maana ndiyo ufunguo wa tiba. Pili, tuhifadhi picha na nyaraka zetu kwingine kabla ya kumkabidhi fundi. Tatu, tusikubali kuwekewa programu ya kiwandani ya aina nyingine, kwani hiyo yaweza kukiua kweli kifaa kilichokuwa kizima.

Fedha ya mwananchi haiokotwi. Tuulize kwanza, ndipo tutupe.