Aliye katika kasho angali mtu

Leo tuzungumze juu ya kasho na mtu anayefungiwa ndani yake.

Naanza na jambo nililoliona mwenyewe. Mama mmoja aliyekimbia vita, muuza unga wa muhogo, alikamatwa asubuhi sokoni. Kosa lake? Ilisemwa kwamba kijana wake ameingia porini na watu wenye silaha. Kijana hakupatikana, basi wakamchukua mama. Alilala siku sita juu ya saruji, chumba kimoja na wanaume, ndoo moja ya choo kwa wote. Binti yake wa miaka 12 alimletea chakula kila siku, na kila siku aliombwa pesa mlangoni. Siku ya sita, mzee wa kambi na mimi tulikwenda parke, ni kusema kwenye ofisi ya waendesha mashitaka. Tulikuwa na karatasi moja tu, iliyoandikwa siku na saa ya kukamatwa. Mama akaachiliwa siku ile. Lakini wadogo wawili wa yule kijana, ambao hawakuwa na habari ya silaha, walikuwa wamekwisha kusema kwamba nao watamfuata kaka yao. Ndugu zangu, hapo niliona kwamba kasho isiyofuata sheria inawapa vita askari wapya.

Wengine husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sheria yetu inakataa. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kosa ni la mwenye kulifanya. Mtu asikamatwe wala asifungwe kwa tendo la mwingine. Mama si mwanawe, na mke si mume wake.

Kifungu cha 18 kinaendelea. Anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kupasha habari jamaa yake ao avoka wake. Polisi hawana ruhusa ya kumshika zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya mkubwa wa sheria anayehusika. Na muda wote huo atunzwe kwa namna ya kulinda uzima wake, afya yake na heshima yake.

Kuhusu mateso, sheria ya 9 Julai 2011 inayaita kosa na kuyatolea azabu. Mtu asiseme: "Ni wakati wa vita, Katiba imelala." Kifungu cha 61 kinataja mambo yasiyoweza kuondolewa hata katika hali ya hatari: mateso hayaruhusiwi, haki ya kujitetea inabaki, na mtu hafungwi kwa sababu ya deni. Pahali ambapo serikali haifiki, kifungu cha 3 cha Mapatano ya Geneva ya 1949 kinawafunga wote wanaopigana, jeshi na vikundi vya silaha vilevile. Anayemshika mtu amtendee kiutu, na asimfanye rehani.

Sisemi mwizi ao muuaji aachwe. Akamatwe, ahukumiwe. Bali tukumbuke gereza la Makala, Kinshasa. Lilijengwa kwa watu 1,500, likawa na zaidi ya 10,000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Katika usiku wa kuamkia 2 Septemba 2024 watu walijaribu kutoroka. Serikali ilihesabu wafu 129, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa. Kati ya waliofungwa bila kuhukumiwa, nani alijua aliye na kosa na asiye nalo?

Sasa, tufanye nini?

Jamaa, andikeni siku, saa, mahali na nani aliyekamata. Msiende peke yenu. Nendeni wawili ao watatu, pamoja na mtu mzima anayeheshimiwa. Ulizeni kwa upole mambo matatu: ameshikwa kwa sababu gani, tangu saa ngapi, na atapelekwa kwa nani. Saa 48 zikipita, pelekeni malalamiko parke. Baro ya maavoka ina ofisi ya kutoa mashauri bure. Mkiombwa amandi, ombeni risiti. Pesa isiyo na risiti haijaingia katika mfuko wa serikali. Msipojua mtu wenu yuko wapi, ulizeni Msalaba Mwekundu, maana Kamati yake ya Kimataifa hutembelea wafungwa na kupeleka ujumbe wa jamaa.

Wakubwa wetu, kwanza, msimtoe mtu kwa sababu ya uvumi ao kwa sababu ya kabila lake. Uliza: nani aliona? Pili, kamati ya kambi haina gereza. Aliyeshikwa akifanya kosa kubwa apelekwe kwa polisi mara moja, asifungwe katika stoki ya chakula. Tatu, mwanamke asilazwe na wanaume, na mtoto asilazwe na wakubwa. Mtoto asiyetimiza miaka 14, sheria ya 10 Januari 2009 inasema hawezi kuazibiwa kama mwenye kosa.

Nanyi askari mnaonisikia, najua mishahara ni midogo na kasho hamkuijenga ninyi. Lakini kumpa mtu maji, kuandika saa aliyoingia na kumwita jamaa yake, hayo hayangoji pesa kutoka Kinshasa.

Yule mama amerudi sokoni. Wadogo wa kijana bado wako naye. Karatasi moja yenye saa iliyoandikwa ilitosha kuwabakiza nyumbani. Nanyi muwe na kalamu.