Bolti za Konrodi: Maneno kwa Wenye Mashine za Kusagia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na waalimu)



Katika habari nyingi za mashine za kusagia nimechagua moja iliyo ndogo kwa macho na kubwa kwa matokeo yake, nayo ni habari ya bolti za konrodi. Mashine ikifa, kijiji kizima hujua siku ile ile, maana akina mama hurudi kwenye kinu, au huchukua mahindi yao kichwani kwenda mbali. Kwa hiyo jambo hili si la fundi peke yake. Ni la kila mtu aliyetoa fedha yake.

Konrodi ni mkono wa chuma uungao pistoni, ipandayo na kushuka ndani ya silinda, na krenki izungukayo chini. Mwisho wake wa chini una vipande viwili ili upate kuikumbatia krenki, na vipande hivyo hushikwa na bolti. Pistoni ikifika juu mwisho wa kutoa moshi, hakuna moto wa kuisukuma irudi chini. Huvutwa na konrodi, na bolti ndizo zinazobeba mvuto ule.

Tutazame injini ya Lister CS ya nguvu za farasi 6, iliyoundwa Dursley, Uingereza. Yazunguka mara 650 kwa dakika, nayo ni ya taratibu kuliko injini nyingi. Mvuto nilioutaja huja mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika. Kwa kazi ya saa 8 ni mara 156,000. Je, bolti yawezaje kustahimili?

Siri yake ni hii: bolti iliyokazwa sawasawa hurefuka kidogo sana, nayo hutaka kurudi kama mpira uliovutwa. Kwa kutaka kurudi hubana vipande viwili pamoja. Ikiwa kubana huko kwazidi mvuto wa pistoni, bolti huusikia mvuto ule kidogo tu. Lakini ikiwa imelegea, kila mvuto huijia kama pigo la nyundo. Chuma huchoka, ufa usioonekana huanza, na siku moja bolti hukatika. Hapo konrodi huweza kutoboa ubavu wa injini, na hasara ya bolti moja huwa hasara ya mashine nzima.

Basi injini inapofunguliwa kutengenezwa upya, yafaa kushika mambo haya.

Kwanza, bolti za zamani zisirudishwe kwa kutazamwa tu. Bolti mpya ipimwe urefu kabla ya kukazwa, na kipimo kiandikwe kitabuni. Ikifunguliwa baadaye nayo imezidi urefu wake wa kwanza hata kwa sehemu 1 katika 1,000 za inchi, haifai tena. Katika injini nyingi za siku hizi ziko bolti za kukazwa mara moja tu. Hizo hutupwa kila zifunguliwapo. Isipopatikana habari ya bolti ya zamani, ni heri kununua mpya.

Pili, kila kifuniko kirudi kwenye konrodi yake, upande wake ule ule, kwa kufuata alama zilizopigwa. Beringi na mahali pa kukalia pasiwe na uchafu.

Tatu, kukaza kusiwe kwa kukisia. Karibu sehemu 9 katika 10 za nguvu ya mkono huliwa na msuguano wa nyuzi na wa kichwa cha bolti. Sehemu 1 tu ndiyo irefushayo bolti. Kwa hiyo bolti kavu na bolti iliyotiwa oili hazikazwi sawa, ijapokuwa mkono ni ule ule. Fundi atie oili kama kitabu cha injini kisemavyo, atumie spana ya kipimo, akaze kwa zamu, kidogo kidogo pande zote mbili, hata afikie kipimo cha kitabu. Kuongeza bomba kwenye mpini wa spana huipita nguvu ya bolti, nayo haitarudi tena.

Nne, ikiwa nati ina pini ya kukunjwa ncha na tundu halikulingana, nati isilegezwe ili pini ipite. Ikazwe mbele kidogo, au ibadilishwe. Pini iwe mpya kila mara. Kisha injini izungushwe kwa mkono kabla ya kuwashwa, ikikwama, ifunguliwe.

Wazee wenzangu, si lazima kila mmoja wetu awe fundi. Lakini twaweza kumwomba fundi atuonyeshe bolti alizozitoa, na kumwuliza kipimo alichokazia, kisha tukiandike pamoja na tarehe. Fundi mwema hatachukizwa na swali hilo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na bei ya bolti mpya ni ndogo sana kuliko bei ya injini.