Mtoto Aliyeanguka Kanisani

Somo: Marko 9:14–29

  Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huutaja kwa kunong'ona. Ugonjwa huo ni kifafa.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, wazee wa ushirika mmoja wa huku kwetu. Ilikuwa Jumapili, wakati wa kutoa sadaka. Msichana mmoja wa darasa la sita alipiga ukelele mmoja, akaanguka katikati ya viti. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika, na povu likamtoka kinywani. Mara moja viti vilivyokuwa karibu vikabaki vitupu. Akina mama waliwavuta watoto wao. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba asiguswe, kwa kuwa mate yake yangeambukiza. Mwingine akaja mbio na kijiko ili ampanue meno. Na sisi wazee? Tulisimama pale mbele na vikapu vya sadaka mikononi, tukitazama.

Aliyekwenda ni nyanya mmoja mjane. Alipiga magoti, akakunja leso yake akaiweka chini ya kichwa cha mtoto, akasukuma kiti pembeni, na yule mwenye kijiko akamwambia arudi mahali pake. Hakumkandamiza mtoto. Alingoja tu. Mtikisiko ulipokoma, kama baada ya dakika mbili, alimgeuza ubavu ili mate yatoke. Kisha akaona kwamba mtoto amejikojolea, akafungua leso yake ya pili akamfunika. Tulimsikia akisema, "Amka polepole, mjukuu wangu. Uko nyumbani."

Alasiri tulikwenda kumwona mama wa mtoto huyo. Akatukaribisha, akatupa chai. Mmoja wetu akauliza, "Mama, kwani mtoto hakuwa na dawa?" Mama akanyamaza kitambo. Kisha akajibu kwa upole, "Wazee wangu, alikuwa nazo. Alizinywa miezi minane bila kuanguka hata mara moja. Ndipo mlipokuja kumwombea, mkaniambia kwamba kama nina imani sina haja ya vidonge tena. Nikavitupa chooni." Akamwita mtoto, akatuonyesha mkono wake. Wiki mbili baada ya kuacha dawa alikuwa ameanguka karibu na mafiga, na moto ulikuwa umemla kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Wapenzi, chai ile ilitupoa mikononi. Hatukuwa na neno. Maneno yale tulikuwa tumeyasema sisi, na tuliyasema kwa jina la Bwana.

Ndiyo sababu leo tunafungua Injili ya Marko mlango wa tisa. Hapo tunamwona baba aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu, nao wakashindwa kumsaidia. Bwana aliposhuka kutoka mlimani alikuta nini? Alikuta mabishano. Waandishi wanabishana na wanafunzi, umati umezunguka, na katikati yao kuna mtoto mgonjwa na baba aliyechoka. Je, si hivyo hata leo? Sisi hubishana kama ni pepo au si pepo, kama ni laana ya ukoo au ni jicho la jirani, na mtoto yuko pale pale chini.

Yesu hakuingia katika mabishano yale. Alitaka mtoto aletwe kwake, na akamwuliza baba swali ambalo kila daktari mwema huuliza: jambo hili limempata tangu lini? Baba akaeleza kwamba ni tangu utoto, na kwamba mara nyingi huangukia motoni na majini. Moto na maji! Mama yeyote wa Molo au Subukia mwenye mtoto wa kifafa anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa, maana anayajua mafiga yake na anaujua mto anakoteka maji.

Lakini mtu atasema, "Yesu alimkemea pepo, basi kifafa ni pepo." Ndugu, tusome Biblia yote, tusichukue kipande. Fungua Mathayo mlango wa nne, aya ya ishirini na nne. Mwinjili anawataja wagonjwa walioletwa kwa Bwana, naye anawahesabu wenye pepo peke yao, wenye kifafa peke yao, na waliopooza peke yao. Neno la Mungu lenyewe limewatenganisha. Sisi ni nani hata tuwachanganye, na kumwambia kila mtoto anayeanguka kwamba ndani yake mna shetani?

Basi kifafa ni nini? Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ya mapafu. Mungu ameuumba ubongo wetu na seli nyingi mno zinazopelekeana habari kwa umeme mdogo sana. Kwa umeme huo tunaona, tunasema, tunatembea na tunakumbuka. Hii si hadithi. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kuunasa umeme wa ubongo wa mwanadamu kwa chombo, na hata leo hospitali kubwa hutumia kipimo cha namna hiyo.

Fikirini kwaya. Kila sauti ina zamu na mahali pake, na hivyo wimbo hueleweka. Sasa fikirini waimbaji wote wapige kelele kwa mara moja, kila mmoja kwa nguvu zake zote. Wimbo umepotea. Hivyo ndivyo ilivyo mtu anapoanguka kifafa: seli nyingi za ubongo hutoa umeme wao kwa pamoja, na mwili hauna la kufanya ila kutikisika. Wengine hawaanguki kabisa. Hukodoa macho tu kwa kitambo, au mkono mmoja huchezacheza, na mwalimu huwachapa akidhani ni wajeuri.

Chanzo chaweza kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, au kuumia kichwa katika ajali, au kiharusi, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Wengine ni urithi, na wengi chanzo chao hakijulikani. Lakini kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja. Yule nyanya alishika kichwa cha mtoto kwa mikono yake miwili, na hakupata ila baraka.

Sasa tuwaambieni jambo ambalo watu wengi wa Nakuru hawalijui, ingawa lilitendeka hapa hapa. Mwaka 1988 watafiti wawili, Kaamugisha na Feksi, walichapisha habari za uchunguzi wao kati ya watu wa Nakuru. Waliona kwamba katika kila watu 1000, wapata 18 walikuwa na kifafa. Piga hesabu hiyo katika mtaa wako au shule ya watoto wako, nawe utaona kwamba ugonjwa huu si wa nyumba moja iliyolaaniwa.

Kisha, mwaka 1991, matokeo mengine ya kazi yao hapa Nakuru yakachapishwa London katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Walikuwa wamewachukua wagonjwa 302 wa kifafa ambao walikuwa hawatibiwi. Wengine walipewa fenobabitoni, dawa ya zamani iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na wengine kabamazepini. Dawa zilitolewa kwa njia ya huduma ya afya ya msingi, ile iliyo karibu na wananchi. Wagonjwa 249 walimaliza mwaka mzima. Katika nusu ya pili ya mwaka ule, 53 katika kila 100 kati yao hawakuanguka hata mara moja, na wengine 26 katika kila 100 walipungukiwa na kuanguka kwa zaidi ya nusu. Tena dawa ile ya bei nafuu haikushindwa na ile ya bei kubwa.

Wasikilizaji, hao walikuwa watu wa hapa kwetu, na kilichowasaidia ni kidonge kilichonywewa kila siku na mtu wa afya aliyewafuatilia. Shirika la Afya Duniani nalo lasema kwamba kati ya watu wapata milioni 50 wenye kifafa ulimwenguni, hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepimwa na kutibiwa vema.

Kwa nini basi hawatibiwi? Mara nyingine ni nauli. Mara nyingine dawa imekwisha katika zahanati. Lakini mara nyingine, na twasema kwa haya, ni sisi watu wa kanisa tuliosimama mlangoni pa hospitali tukawazuia kuingia.

Tulipotoka katika nyumba ya mama yule tulitubu. Jumanne iliyofuata wawili wetu waliandamana naye hadi kliniki, na mmoja wetu akamweleza daktari wazi ya kwamba kosa la kuacha dawa lilikuwa letu. Daktari hakutugombeza. Alimwanzishia mtoto dawa tena, akatuonya kwamba dawa za kifafa haziachwi ghafla hata kidogo, maana mgonjwa aweza kushikwa na mitikisiko isiyokoma, na hiyo huua. Wakati wa kupunguza au kuacha, daktari ndiye atakayeusema. Hata mama mjamzito asiziache kwa hofu, bali aende upesi kwa daktari amshauri.

Hatutawadanganya kwamba msichana yule hajaanguka tena. Ameanguka mara mbili tangu siku ile. Lakini amerudi shuleni, na Jumapili hukaa katika kwaya ya watoto, safu ya mbele. Kovu la mkono wake twaliona kila anapoinua kitabu cha nyimbo. Ni vema tulione.

Hebu sasa kila mmoja ashike maneno haya machache. Mtu akianguka kifafa, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, na kama kuna moto au maji, mwepushe. Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza nguo shingoni. Usimkandamize, wala usitie kijiko, kidole, maji au dawa kinywani mwake. Tazama saa. Mtikisiko ukikoma, mlaze kwa ubavu, ukae naye mpaka fahamu zirudi. Ukizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, au ameumia, mpelekeni hospitali bila kukawia. Na nyumbani, yainulie mafiga ukuta mdogo wa udongo. Mtoto asipelekwe mtoni peke yake.

Kisha tuombe. Hakuna aliyesema tuache kuomba. Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba walipungukiwa na maombi. Lakini tukishaomba, tusimwambie Mungu njia atakayopitia. Yeye aliyeziumba seli za ubongo ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuitengeneza dawa. Kumeza kidonge kwa shukrani si kupungukiwa na imani, kama vile kupanda mahindi si kumkana Yeye anayetupa chakula.

Na tukumbuke mwisho wa habari ile. Mtoto alipolala kimya, wengi walisema amekufa. Yesu akamshika mkono, akamwinua. Alimshika! Wengine walikuwa wamemhesabu kuwa maiti, na Bwana akanyosha mkono. Labda katika kijiji chako yuko kijana aliyefichwa chumba cha nyuma, hasomi, hachumbiwi, hapewi kikombe cha wageni. Watu wamekwisha kumhesabu. Wewe msikilizaji, wiki hii, nenda ukamshike mkono. Umpeleke kliniki. Ukae naye kiti kimoja kanisani.

Tuombe.

Ee Baba yetu wa rehema, utusamehe sisi tuliowazuia wadogo wako wasipate msaada. Uwaguse wote wenye kifafa, na wote wenye maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Uwape wauguzi subira, na zahanati zetu dawa. Uwatie nguvu akina mama wasiolala usiku wakisikiliza pumzi za watoto wao. Tunaamini, Bwana, pale imani yetu inapopungua, utusaidie. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.