MFUNGWA AMLALAMIKIE NANI?

(Maelezo ya mwandishi wa kujitegemea mbele ya kikao cha vijana)



Leo sitazungumzia maharage yenye wadudu wala watu kulala mzungu wa nne. Hayo mnayajua, na asiyeyajua atasimuliwa na jirani yake. Nauliza jambo moja tu: mfungwa akipigwa, anamlalamikia nani? Kama ni afande yule yule aliyempiga, basi hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Twendeni Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, enzi za Makaburu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkuu wa gereza alikuwa Kanali Badenhorst, na kipigo kilikuwa cha kweli. Kanuni ya kule ilikuwa kwamba kila mfungwa ajisemee mwenyewe. Ukianza na "sisi", husikilizwi. Manung'uniko yalipozidi wakaja majaji watatu: Steyn, Theron na Corbett. Wakamwuliza Mandela kama anataka kuzungumza nao faraghani. Akakataa. Akasema bora wakubwa wa magereza wawepo, wasikie na wajibu.

Akaeleza jinsi wenzake walivyopigwa. Kanali akamwuliza kama aliyaona kwa macho yake. Hapana, aliambiwa na watu anaowaamini. Basi Kanali akamnyooshea kidole, mbele ya majaji wote watatu, akamwonya kwamba akisema asiyoyaona atajitafutia matatizo! Mandela akawageukia majaji: kama ananitisha nyinyi mkiwapo, fikirini anafanya nini mkiwa hampo. Corbett akakiri kwamba mfungwa amesema kweli. Haikupita miezi mingi, Badenhorst akahamishwa.

Jamani, tusipige makofi haraka. Yule alikuwa Mandela, mwanasheria, jina lake linajulikana duniani. Kijana muuza mitumba aliyefungwa kwa kukosa faini atawapata wapi majaji watatu? Na gari la wageni likishatoka getini, anabaki na nani? Nyampara yule yule, afande yule yule, na usiku ni mrefu.

Wala msidhani ni Makaburu peke yao. Marekani, wale wanaotufundisha demokrasia, walitunga sheria mwaka 1996: mfungwa haendi mahakama ya shirikisho mpaka amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Mfungwa mmoja wa California alichelewa, maana gereza lilitaka fomu ndani ya siku 15 za kazi. Mwaka 2006 Mahakama ya juu kabisa, majaji 6 dhidi ya 3, ikasema muda uliopangwa lazima ufuatwe. Yaani anayelalamikiwa ndiye anayepanga siku ya mwisho ya kulalamikiwa!

Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni mpya za kuwatunza wafungwa, zikapewa jina la Mandela. Kanuni ya 56 inataka mfungwa aweze kulalamika kila siku, na malalamiko yake kwa makao makuu ya magereza au mahakama yasichujwe. Ya 57 inataka asilipiziwe kisasi, na akiomba iwe siri, iwe siri. Halafu kuna hili, ambalo nataka mlishike: mfungwa na wakili wake wakishindwa kulalamika, ndugu au mtu yeyote anayelijua jambo hilo anaweza kulalamika kwa niaba yake. Ile kanuni ya "usiseme sisi" imezikwa, angalau kwenye karatasi.

Hapa kwetu ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya 2001. Inapokea malalamiko, inachunguza, inatoa mapendekezo. Mapendekezo, ndugu zangu, si amri. Lakini haikai ndani ya ukuta wa gereza, na hilo ni jambo kubwa.

Kwa hiyo mwenye ndugu ndani asingoje barua. Siku ya kumtembelea msikilize, mtazame mikono na uso. Ukitoka andika tarehe, jina la gereza, alichokuambia na ulichokiona. Mwulize kwanza kama anataka jina lake litajwe. Halafu peleka mwenyewe, gonga muhuri wa kupokelewa, nakala moja baki nayo.

Maswali yapo?