Kupanda Vuria, na Kushuka

Somo letu ni Marko sura ya 9, mstari wa 2 hadi wa 29.

Petro alipofika juu mlimani pamoja na wenzake, alipaona ni pazuri. Akataka kujenga vibanda vitatu, wakae huko. Mtu wa Mwanda hawezi kumcheka Petro.

Siku moja mimi na rafiki zangu watatu tulipanda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, mita 2,208. Tulichukua viazi vya kuchemsha na chai. Ukungu ulipotanda kando tuliona nyika ya Tsavo chini yetu, na upande wa magharibi Kilimanjaro. Tukamkumbuka mmisionari Johannes Rebmann, aliyepita nchi yetu ya Taita mwaka 1848, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya mlima ule. Wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kumsadiki. Basi rafiki mmoja akaniuliza, "Mchungaji, kwa nini tushuke?"

Mlima wenyewe unajibu. Ukungu utokao Bahari ya Hindi hunaswa na majani ya miti, hudondoka, huingia ardhini, kisha hutokea chini kuwa chemchemi. Mama anayejaza mtungi wake bondeni anakunywa maji ya mlimani, ingawa hajapanda huko. Wazee wetu walilijua jambo hili. Walitunza fighi, misitu mitakatifu ambayo mtu hakuruhusiwa kukata mti wake ovyo. Leo msitu wa asili umebaki vipande vipande. Ule wa Ngangao ni kama hekta 120 tu. Miti ikikatwa juu, anayeona kiu ni aliye chini.

Ndivyo zilivyo baraka za Mungu. Wako waliopandishwa juu: wamesoma, wana mshahara Voi au Mombasa, au wameonja furaha ya mkutano mkubwa wa Injili. Huko juu ni kuzuri kweli. Lakini Bwana Yesu hakukubali vibanda vijengwe. Alishuka, akamkuta baba anayelia kwa ajili ya mwanawe mgonjwa, na wanafunzi walioshindwa kumsaidia. Utukufu wa mlimani ulimfikia mtoto yule kwa sababu Bwana alishuka.

Ndugu msikilizaji, ni nani anakungojea chini? Pengine ni mama yako mzee, ambaye hujamtembelea tangu Krismasi. Pengine ni mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Pengine ni ndugu mliyegombania shamba, na hamsalimiani. Usijenge kibanda. Shuka leo.

Na tuombe. Ee Bwana, twakushukuru kwa kutupandisha juu. Utupe miguu ya kushuka, na mikono isiyozuia maji yako yasiwafikie wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.