Picha za Kale na Majina ya Watu Wetu
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Wakristo wa Maganzo)



Sisi makatekista tulipewa kazi ya kukusanya habari za kale kwa ajili ya yubile. Tulidhani ya kuwa tutazipata katika madaftari peke yake. Lakini tulipofungua sanduku moja la bati lililosahauliwa stoo, tulikuta picha. Nyingine zilikwisha kuliwa na mchwa. Nyingine zilishikamana kwa unyevu, nasi tulipozibandua kwa haraka, nyuso za watu zikabanduka pamoja nazo. Kosa hilo ni letu, nasi twaliungama mbele yenu, ili mwingine asilitende.

Picha moja iliyosalia yaonyesha wanaume na wanawake wakifyatua matofali. Nyuma yake hapana neno hata moja. Tukaichukua nyumba kwa nyumba. Siku ya tatu bibi mmoja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya mwanamke aliyejitwisha mtungi, akasema, “Huyu ndiye mama yangu.” Hakuwa na picha yake nyingine. Akatutajia na wengine wawili, waliobaki hakuwakumbuka. Laiti tungalikwenda miaka kumi mapema, huenda wote wangalitajwa.

Basi fikirini jambo hili. Hapa jirani yetu, Mwadui, Dr. John Williamson wa Kanada aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, yaani gramu 11 hivi tu, naye Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Jiwe lile lajulikana uzito wake, mwaka wake, na jina la aliyepewa. Je, baba zetu waliochimba na kusukuma udongo wa Mwadui, ni wangapi tuwezao kuwataja tukiona nyuso zao? Jiwe lina habari zake, na mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hana!

Wako watu wa mbali waliotunza picha zetu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern chahifadhi mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1860 hata 1960. Chuo Kikuu cha Southern California nacho kimekusanya picha za wamisionari, zikiwamo za wale wa Leipzig waliofanya kazi Kilimanjaro. Siku hizi mtu aweza kuzitazama kwa intaneti akiwa papa hapa Maganzo. Twawashukuru. Walakini mtunzaji aliye ng’ambo hawezi kujua ya kuwa yule asimamaye pembeni ni babu yako. Neno hilo walijua ninyi tu, na wanaolijua wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo twawasihi mambo manne. Kwanza, leo jioni mwulizeni mzee wa nyumba, “Huyu ni nani? Alikuwa wapi? Mwaka gani?” Andikeni jibu nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, bila kukandamiza, wino hupenya. Pili, msizibandike kwa gundi, wala msibandue zilizoshikamana. Tatu, zitieni katika bahasha safi ya karatasi, ndani ya sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jua na moshi. Nne, zipigeni picha kwa simu karibu na dirisha, bila kuwasha taa yake, mkatuletee nakala parokiani pamoja na majina. Picha yenyewe itabaki kwenu. Hatuji kumnyang’anya mtu mali yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naye Bwana wetu, alipokwisha kuwalisha makutano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Ikiwa mkate haukudharauliwa, si zaidi nyuso za wazazi wetu?

Yule bibi tulimpa nakala ya picha ile. Nyuma yake tuliandika jina la mama yake kwa penseli, naye akatusahihishia herufi moja.

Mungu awabariki nyote.